Kabla ya kuuliza uyoga gani, uliza mti gani

Masika yakishakolea Dar es Salaam, ukoka wa uani huanza kuota vitu ambavyo hakuna aliyevipanda. Picha zinaingia kwenye magrupu ya WhatsApp: kofia nyeupe yenye upana wa kiganja, nyasi zimeizunguka, juu yake vijiti vyembamba vilivyokauka, na swali la kila mwaka: "Jamani, huu unaliwa? Nimeukuta chini ya mpaini." Majibu hayachelewi. Aliyekulia Songea anasema kwao hiyo ni mboga kabisa. Wa Tabora anataka kujua kama shina lina pete. Mwingine anabandika habari za yule mama wa Australia aliyetiwa hatiani Julai 2025 kwa kuwalisha wakwe zake uyoga wa sumu wakafa. Mjadala haujapoa, anatokea mtaalamu wa kijiko cha fedha, anayeamini kwamba kijiko hicho hugeuka rangi sufuriani uyoga ukiwa na sumu.

Ukimtoa huyo wa kijiko, wote wana kitu cha kweli mkononi. Ila kila mmoja anajibu kwa ujuzi wa kwao, na ujuzi wa uyoga una mipaka ya mahali. Ni kama rangi za daladala. Mtu wa Dar anauona mstari ubavuni mwa basi likiwa bado mbali, tayari anajua linakwenda wapi. Mpeleke mji mwingine, apande kwa kufuata rangi ileile, atashushwa asikokujua. Macho yake hayana kasoro. Huko rangi ina maana nyingine, au haina maana yoyote.

Tuanzie chini kabisa. Uyoga tunaouona ni sehemu ya uzazi tu ya kiumbe kiitwacho kuvu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizotandaa ndani ya udongo, kwenye kuni au kwenye majani yanayooza, na zinaweza kukaa humo miaka bila kutoa uyoga hata mmoja. Unyevu na joto vikipatana ndipo kofia inachomoza, na chini yake zinatengenezwa spora, vumbi laini linalofanya kazi ya mbegu.

Kwa anayetaka kutambua uyoga, jambo la kwanza ni kujua kuvu yake inapata wapi chakula. Zipo zinazoozesha vitu vilivyokufa: majani, samadi, visiki, mizizi iliyobaki ardhini baada ya mti kukatwa. Zipo zinazolimwa na mchwa ndani ya vichuguu. Na zipo zilizofunga ndoa na mti ulio hai. Hizi za mwisho hujizungusha kwenye ncha za mizizi, zikaupa mti maji na madini ambayo mizizi yenyewe isingeyafikia, na mti ukazilipa kwa sukari unayoitengeneza majanini. Wanasayansi huita uhusiano huo mikoriza. Kuvu ya namna hiyo huwa na miti yake maalumu, kwa hiyo ukiujua mti umeshapunguza nusu ya kazi. Ukiukosea mti, kila kinachofuata kimekosewa.

Sasa tuje kwenye huo mpaini, au msindano kama wanavyouita watu wa misitu. Kusini mwa Sahara hakuna msindano wa asili hata mmoja. Yote tuliyonayo imeletwa. Ile iliyojaa Sao Hill, Mufindi, shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini, kwa sehemu kubwa ni Pinus patula, mti wa Mexico. Na msindano ni mti usioishi bila kuvu yake. Katika nchi nyingi za joto miche ya kwanza ilidumaa na kugeuka njano, mpaka wataalamu walipochanganya kwenye vitalu udongo uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa. Pamoja na ule udongo zikaja kuvu za kigeni, nzuri na mbaya, bila kuchambuliwa.

Nzuri ni kama zile za jenasi Suillus (jenasi ni kundi la aina zenye undugu wa karibu). Kofia yake ina utelezi, na ukiigeuza hukuti matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangwa kutoka shinani kwenda ukingoni. Unakuta vitundu vidogo vidogo vya manjano. Wanaoula huibandua kwanza ile ngozi yenye utelezi, kwa sababu huvuruga tumbo. Kwa upande wa mbaya kuna Amanita muscaria, mwekundu wenye madoa meupe, ule wa kwenye vitabu vya watoto. Huo unachanganya akili na kutapisha ndani ya saa moja hadi tatu, ingawa ni nadra kuua. Madoa yake huoshwa na mvua na wekundu hupauka ukawa machungwa, ndipo unapoanza kumdanganya mtu aliyezoea uyoga wenye wekundu kiasi wa miombo, misitu yetu ya asili, kama Amanita tanzanica, unaoliwa na ambao ulipewa jina la kisayansi mwaka 1994.

Wa tatu ndio unaofanya nikaandika haya. Amanita phalloides, uyoga unaohusika na vifo vingi vya uyoga duniani kuliko mwingine wowote, asili yake ni Ulaya. Lakini umeshaandikwa kuwa umeonekana kwenye mashamba ya misindano Tanzania na Afrika Kusini. Kofia yake huwa ya kijani kilichofifia au ya manjano yenye ukijani, na mara nyingine karibu nyeupe. Matamvua ni meupe. Shina lina pete laini inayoning'inia, na chini kabisa, mara nyingi udongoni kusikoonekana, kuna kifuko cheupe ambamo uyoga ulitokea ukiwa bado mchanga.

Hapo ndipo ujuzi wa nyumbani unapogeuka mtego. Katika miombo ya ukanda wetu, kutoka Zambia na Malawi hadi kwetu, watu wanakula uyoga mweupe wa jenasi hiyohiyo ya Amanita, wenye pete na kifuko vilevile, na wamekula vizazi na vizazi bila madhara. Mama aliyefundishwa na bibi yake kuutafuta ule wenye "yai" chini yake hakufundishwa uongo. Alifundishwa ukweli wa miombo. Akiupeleka ukweli huo kwenye shamba la misindano lililopandwa kilomita chache kutoka kijijini, alama zilezile zinaweza kumpeleka kwenye uyoga mwingine kabisa.

Wengine yamewakuta hayo ughaibuni. Mwanzoni mwa 2012, Canberra, watu 2 walikufa baada ya mlo wa mkesha wa mwaka mpya ulioandaliwa na mpishi kutoka China. Kwa watu wa Asia kosa linalojulikana ni kuudhania Amanita phalloides mchanga kuwa uyoga wa mabua ya mpunga unaolimwa kwao. Mwaka 2015 hospitali za Ujerumani zilipokea wakimbizi kadhaa, wengi wao Wasyria, waliookota msituni uyoga uliofanana na wa nyumbani. Hawakuwa wajinga wa uyoga. Asiyejua kabisa hana mazoea ya kwenda kuchuma.

Turudi Dar. Huo "mpaini" wa kwenye picha, una uhakika ni mpaini? Mara nyingi sivyo. Mti mrefu wenye vijiti vinavyoning'inia na kuvuma upepo ukipita, uliopangwa ufukweni Kigamboni na Kunduchi na kwenye kuta za nyumba nyingi, ni mvinje. Kwa mbali unafanana na msindano, hata una vitu kama koni vinavyochoma miguu. Lakini mvinje ni mti unaotoa maua, na kiukoo uko karibu na mwaloni kuliko msindano.

Kuutambua ni kazi ya nusu dakika. Okota hiyo unayoiita sindano, ishike kwa vidole viwili, ivute taratibu. Ya mvinje hukatika kwenye vifundo, kama viungo vilivyochomekwa, na ukiisogeza karibu na jicho utaona pale palipoachana vijino vidogo vimezunguka. Hivyo vijino ndivyo majani. Ulichoshika ni kijitawi. Ya msindano haina kifundo hata kimoja. Ni jani lililonyooka, na hutoka pamoja na wenzake, mara nyingi 3, wakiwa wamefungwa chini kwa kiala kimoja. Ile miti ya mapambo yenye matawi ya ngazi, ambayo watu huipamba Desemba, mingi ni araukaria. Nayo mizizi yake haina ndoa na kuvu hizi za misindano.

Maana yake ni kwamba mtu anayesoma intaneti kwamba chini ya misindano huota uyoga fulani mtamu, kisha akatoka uani kwake Mbezi kuutafuta chini ya mvinje, anasoma ramani ya nchi nyingine. Chini ya mvinje unaweza kukuta viazi-uyoga vya Scleroderma, vya mviringo na ngozi ngumu, ambavyo ni sumu. Vinavyobaki katika ukoka kwa kawaida havina habari na mti wowote. Vinakula manyasi yaliyokufa na mbolea ya bustani.

Katika hivyo, kuna mmoja unaostahili kujulikana na kila nyumba yenye ukoka: Chlorophyllum molybdites. Huu ni uyoga wa sehemu za joto duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Ni mkubwa na mzuri wa kutazama, kofia yake hufika sentimita 20 na zaidi, nyeupe yenye magamba ya kahawia yaliyojikusanya katikati. Shina ni refu na lina pete ambayo ukiibembeleza kwa kidole inapanda na kushuka. Mara nyingi huota kwa duara, na duara hilo hupanuka mwaka hadi mwaka. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe safi. Siku zinavyokwenda yanashika ukijani wa majivu, kwa sababu spora zake ni za kijani, jambo ambalo ni adimu sana kwa uyoga.

Anayeula anaanza kutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu, wakati mwingine hata kwa damu. Wakubwa wengi hupona, japo kwa taabu na dripu. Watoto ndio hatari zaidi kwa sababu wanaishiwa maji haraka. Picha nyingi za WhatsApp zenye kofia nyeupe juu ya nyasi, nikizitazama, huufikiria huu kwanza. Nasema huufikiria, kwa sababu picha ya kofia kutoka juu haitoshi kuthibitisha chochote.

Na unachanganywa na nini? Na uyoga wa kichuguu, jenasi Termitomyces, ambao kwa utamu nadhani hauna mpinzani nchini. Mchwa wana bustani zao chini ya ardhi, wanazilisha majani makavu waliyoyatafuna, na mvua ikinyesha kuvu ya bustani hiyo hupasua udongo na kutoa kofia. Aina moja, Termitomyces titanicus, hutoa kofia ya karibu mita nzima. Mchwa wapo Dar, kwa hiyo uyoga wa kichuguu unaweza kuchomoza hata katikati ya ukoka wako. Tofauti iko mahali ambapo mchumaji mwenye haraka hafiki: chini.

Usikate shina. Chimba pembeni kwa kisu au kijembe, utoe uyoga mzima na kitako chake. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaosinyaa kadiri unavyoshuka, hadi kwenye chumba cha mchwa. Mara nyingi utakukatikia mkononi kabla hujaufikia mwisho wake. Juu, katikati ya kofia, aghalabu una ncha ngumu, ile iliyotoboa udongo. Chlorophyllum hauna huo mzizi, shina lake huishia na uvimbe kidogo tu. Ukikuta kifuko au vipande vya ngozi nyeupe vimezunguka kitako, weka chini kila ulichochuma pamoja nao, kanawe mikono, na usiendelee na mjadala.

Jaribio la pili linataka uvumilivu wa usiku mmoja. Kata shina karibu na kofia, laza kofia matamvua yakiangalia chini juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli ili upepo usipite. Asubuhi utakuta mchoro wa miale umejichora wenyewe kwa spora zilizoanguka. Rangi ya pinki au krimu yenye upinki inaendana na uyoga wa kichuguu. Kijani ni Chlorophyllum. Nyeupe inaacha wengi mezani, Amanita wakiwemo. Kahawia ya chokoleti ni ya jamii ya Agaricus, wale wa kopo la dukani, ambao nao wana ndugu wenye sumu wanaogeuka njano ukiwakwaruza na kunuka dawa. Na chochote cha mviringo kisicho na kofia, kipasue katikati kutoka juu hadi chini. Kikiwa na weusi wa zambarau ndani ni Scleroderma. Ukiona umbo la kofia na shina limejikunja ndani yake, hilo ni yai la Amanita au jamaa zake.

Sisemi kwamba ukifanya haya yote sasa ukapike. Majaribio haya ni mazuri kwa kukataa uyoga kuliko kuukubali. Kuukubali kunahitaji mtu aliyeuchuma uyoga uleule, mahali palepale, kwa miaka, au mtaalamu aliyeushika mkononi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na ni kutoka hapo Leonard Mwasumbi alishirikiana na Marja Härkönen wa Finland kuandika uyoga wa nchi hii, kwa kuwauliza wenyeji wa kila sehemu wanachokula na wanachokiacha. Programu za simu zinazotaja jina kutokana na picha hazijaona kitako, hazijanusa, hazijui spora. Zinabahatisha kwa kujiamini.

Nao uyoga wa ukoka wa mjini, hata ukithibitika ni wa kichuguu, mimi siuli. Bustani hupigwa dawa ya mchwa, maji ya barabarani huingia, na uyoga una tabia ya kufyonza metali nzito kutoka udongoni. Uyoga aina ya mamama, unaolimwa kwenye mifuko mabandani, upo sokoni.

Tumalizie na madai ya vijiweni. Kijiko cha fedha, kitunguu au kitunguu saumu vinavyogeuka rangi sufuriani: havijui sumu hii hata kidogo. Uyoga ulioliwa na konokono au wadudu: wao wana miili yao, sumu inayoua ini la binadamu haiwashughulishi. Uyoga mweupe ni salama na wenye rangi ni mbaya: unaoua zaidi umepauka. Ukichemsha na kumwaga maji, au ukianika juani wiki nzima: sumu za Amanita phalloides haziharibiki kwa moto, kwa kukaushwa wala kwa friji. Ladha chungu ni dalili: walionusurika huko nje wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu. Mpe kuku kwanza uone: hili linadhihirisha vizuri kuliko yote jinsi watu wasivyoijua saa ya sumu hii, maana mpaka kuku adhoofike, familia imeshakula na kulala.

Saa yenyewe inakwenda hivi. Uyoga unaotapisha ndani ya saa moja au mbili kwa kawaida, si mara zote, ni wa kuvuruga tumbo tu. Amanita phalloides hukaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi 24. Aliyekula jioni anaamka usiku wa manane au asubuhi akiharisha vibaya, anadhani ni kipindupindu au chakula cha jana mchana, na uyoga hautaji. Baada ya siku moja hivi tumbo linatulia. Mgonjwa anaomba uji, ndugu wanamshukuru Mungu. Ndani, sumu inaendelea kuzuia seli za ini kutengeneza protini, na siku ya tatu au ya nne macho yanageuka njano. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima. Dawa ya uhakika ya kuifuta haipo. Kuna tiba za kusaidia, maji ya dripu, mkaa wa hospitali kama amewahi, na wengine huhitaji kupandikiziwa ini.

Maziwa, ambayo kwetu ndiyo jibu la kila sumu, hayafanyi lolote hapa zaidi ya kuchelewesha safari. Aliyekula uyoga wa kuokota na kuanza kuumwa aende hospitali na wote waliokula naye sahani moja, hata wasioumwa. Wachukue mabaki: maganda kwenye pipa la taka, kipande kilichobaki sufuriani, uyoga mwingine uliobaki pale ulipochumwa, ukiwa mzima na kitako, umefungwa kwenye karatasi kwa sababu mfuko wa plastiki huuozesha. Wamwambie daktari saa ya kula na saa dalili zilipoanza, kwa kutenganisha. Na tumbo likitulia siku ya pili, mgonjwa asiondoke wodini kabla vipimo vya ini havijarudiwa.